Unapita Voi Tu? Sababu Saba za Kupanda Taita, Kutoka ya Mwisho Hadi ya Kwanza

Wasafiri wa Mombasa wanaijua Voi kwa mambo mawili: choo na soda. Milima iko pale pale, kijani kibichi, inawatazama wakipanga foleni. Haya, tuhesabu.

7. Baridi. Voi haifiki mita 600 na jua lake halina undugu na mtu. Kilele cha Vuria kina mita 2,208. Ukishuka matatu Wundanyi, utamkuta mwenyeji kavaa koti na kofia ya sufu, akiionea huruma kaptura yako.

6. Kimanga. Maharagwe na viazi au muhogo, vikapondwa pamoja. Sahani moja, na mipango yako ya alasiri imeahirishwa.

5. Nyuki wa Sagalla. Wamisionari wa CMS walifika mlima huu 1883 kuhubiri amani. Siku hizi amani inalindwa na mizinga: wakulima huitundika kuzunguka shamba na kuiunganisha kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anarudi Tsavo mbio. Usimcheke. Wewe ungesimama?

4. Mapango ya mafuvu. Wataita wa zamani walifukua mafuvu ya wazee wao na kuyaweka mapangoni, na ukoo ukifikwa na shida uliwaendea huko. Nenda na mwenyeji, omba ruhusa, na simu ikae mfukoni. Babu wa watu si mandhari ya selfi.

3. Jumba la Grogan, kule Girigan karibu na Taveta. Ewart Grogan alitaka kumwoa Gertrude. Baba wa kambo wa binti akamwona hana mbele wala nyuma. Basi bwana akaondoka 1898 kuvuka Afrika kutoka Cape hadi Cairo, kusudi aonekane mwanamume. Mkwe wako kataka ng'ombe tu na bado unalalamika! Alimpata, na miaka ya 1930 akajenga jumba hilo likitazama mashamba yake ya mkonge. Ardhi ilivyomfikia mlowezi kama yeye ni hadithi nyingine, wala haichekeshi. Gertrude naye ameachiwa jina katika ile hospitali ya watoto Nairobi.

2. Msitu wa Mbololo. Ndani yake huota ua dogo la zambarau, Saintpaulia teitensis, ambalo porini halioti kwingine popote duniani. Jamaa zake wa Usambara walichukuliwa na Wazungu, wakawa maua ya vyungu madirishani Ulaya. Hili limebaki nyumbani. Litazame, usiling'oe, visa halijaomba.

1. Bura. Watu wa Kiambu na Nyeri, kaeni chini kwanza. Kahawa ya Kenya inatajwa kuanzia hapa, 1893, mapadri Wafaransa wa Roho Mtakatifu walipopanda miche misheni na kuimwagilia maji ya mlimani. Baadaye kahawa ikahamia nyanda za kati, ikatajirika, ikasahau kwao. Ukiuliza kahawa Kenya ilianzia wapi, tisa kati ya kumi watakutajia mahali pengine, na wa kumi atakuwa Mtaita. Kwangu mimi hii ndiyo bustani ya kwanza nchini, na kuipita bila kugeuza shingo ni utovu wa adabu.

Ukiwa Voi, panda gari la Taveta na umwambie makanga akushushe njia ya Bura, baada ya Mwatate. Taja Taita waziwazi: ukipelekwa Bura ya Tana River, koti hutalihitaji kabisa.