Mwenyekiti Furu na Taa Mpya

Katika tangi la kioo lililowekwa mapokezi ya hoteli moja Mwanza, Furu alichaguliwa mwenyekiti kwa ahadi moja: mwanga. Taa ya zamani ilikuwa ya manjano, hafifu, na wageni walipita bila hata kugeuza shingo. Mwenye hoteli alipofunga taa nyeupe kali, ikawa inawaka tangu alfajiri mpaka mlinzi wa usiku anapoanza kusinzia, Furu alijipitishapitisha mbele ya kioo na mgongo wake mwekundu, akitangaza kuwa ahadi imetimia.

Haukupita muda kioo kikaota madoa magumu ya kijani. Kisha Mwani akajitandaza: nyuzi ndefu juu ya mawe, kwenye bomba la chujio, hadi kingoni mwa majani ya Nyasi.

Nyasi, waliotarajiwa kunawiri kuliko wote, walikuwa wamedumaa. "Mheshimiwa, moto umetuwashia, unga uko wapi?" wakauliza. Mwanga uliongezwa, hewa ukaa haikuongezwa. Na majani yao yalikuwa yameota kwa kuzoea taa hafifu, kuotesha mengine kunataka wiki kadhaa. Mwani hana makuu hayo. Hula kilichopo, huota upesi, wala haombi kikao.

Kamati ikaundwa. Ikamkuta Konokono na hatia ya uzembe. Konokono huyo alikuwa akikwangua kioo usiku na mchana, akiacha nyuma yake kijia chembamba safi kilichozibika kabla hajafika kona. Aliomba msaidizi, akapewa onyo la maandishi.

Ndipo Gogogo, mkaa chini, akanyoosha sharubu. "Waheshimiwa, chakula kinachobaki na vinyesi vyetu huoza vikawa amonia, na mwishowe naitreti. Naitreti hiyo ilikuwapo hata enzi za taa ya manjano, ila Mwani hakuwa na mwanga wa kuilia. Taa iwake muda wa saa nane tu kwa siku, theluthi ya maji ibadilishwe, na chakula kipunguzwe."

Hapo pa chakula mkutano ukavunjika.

"Huyu anataka turudi gizani!" akafoka Furu.

Maji nayo yakageuka kijani. Usiku, taa ikizimwa, Mwani alivuta oksijeni ileile waliyoitegemea samaki, na alfajiri wote walikutwa juu wakitweta midomo wazi. Furu akasema wananchi wamejitokeza kuipokea taa. Ila majike hawakuweza tena kumtofautisha na makamu wake, maana furu jike huchagua dume kwa rangi, na katika maji machafu rangi hazionekani. Ziwani kwenyewe, hatua chache kutoka hotelini, mkasa huo umekwisha kuwapata jamaa zake.

Mtoto wa mgeni mmoja alipouliza kama ule ni mchicha, mwenye hoteli aliona haya, akaita fundi. Fundi akafunika tangi kwa shuka siku 3, akanyonya uchafu wa chini kwa mpira, akabadilisha maji, akafunga swichi ya kuzima taa baada ya muda wa saa nane. Baada ya wiki chache Nyasi wakatoa majani mapya.

Furu akaitisha mkutano kuzindua sera yake ya Giza kwa Maendeleo. Gogogo alipouliza habari za onyo la Konokono, akajibiwa kuwa faili halionekani, linatafutwa.