Maumbile Hayakosei Hesabu

Anayetaka kufuma skafu ya duara yenye sura ya sega la asali, mbegu au magamba ya mti huamini kwamba anahitaji jicho la msanii. Anachohitaji zaidi ni hesabu ya darasa la tatu, na misiba yake yote huanzia hapo. Chukua mtindo wa mbegu, mwepesi kuliko yote: kitanzi cha kawaida, kitanzi cha kinyume, hivyo hivyo bila kukoma. Ukianza na vitanzi 121, kila mzunguko unajisogeza wenyewe kwa kitanzi kimoja na mbegu zinatawanyika vizuri. Ukianza na 120 bila kubadilisha mpangilio, cha kawaida kinakaa juu ya cha kawaida, cha kinyume juu ya mwenzake, na shamba linageuka migongo ya bati. Kitanzi kimoja tu! Naye mfumaji, badala ya kufumua, hujipa moyo kwamba itakaa sawa ikishafuliwa.

Wapo wanaojitetea kwamba maumbile yenyewe hayanyooki, kwa hiyo kasoro ndiyo uasilia. Hoja tamu, ila maumbile hayaiungi mkono. Nyuki hujenga vyumba vya pembe sita bila kitabu cha mitindo, na tunda la msonobari, ukifuata misokoto ya magamba yake, mara nyingi hukupa 8 kwa upande mmoja na 13 kwa upande wa pili. Hakuna msonobari uliowahi kufumua. Wengine, duara lao likijisokota wakati wa kuunganisha, hutangaza kwa fahari kwamba wamefuma utepe wa Möbius, ule ulioelezwa na wanahisabati wawili wa Ujerumani mwaka 1858. Wapi! Utepe ule una nusu msokoto na upande mmoja. Ajali ya sindano huleta msokoto mzima, na skafu hubaki na pande zake mbili, zote zikimnyonga mvaaji.

Utetezi wenye uzito kidogo unatoka Ireland. Katika tamthilia ya J. M. Synge, *Riders to the Sea*, iliyochezwa Dublin mwaka 1904, dada anatambua soksi ya kaka yake kwa vitanzi vinne alivyoviacha alipoifuma. Nakubali, kosa lako litakutambulisha. Lakini mwenye soksi ile alikuwa ameshakufa maji.

Kwa hiyo, kabla ya kuunganisha duara, laza vitanzi vyote vielekee upande mmoja, vihesabu mara mbili, na kwa mtindo wa mbegu, idadi ikiwa shufwa, ongeza kimoja.