Treni ya Saa Mbili, Takisi ya Watu Kumi na Wanne

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa Jinja, nafundisha Mbale, na miji yote miwili ina reli. Nalisema hilo mapema msomaji asije akanionea huruma bure, akidhani natoka mahali ambapo watu hawajawahi kuona chuma. Daraja la reli la Jinja limekaa juu ya Mto Nile tangu 1931. Hapa Mbale, njia inayotoka Tororo kwenda Soroti imepita mjini tangu enzi za mkoloni. Chuma tunacho. Ila ukitaka kukipanda, uvuke kwanza uende nchi ya watu.

Ndiyo maana likizo hii nimeamua kwenda Mombasa kwa treni. Peke yangu. Hilo la treni halikumshtua mtu nyumbani. Hilo la peke yangu ndilo lililoitisha kikao. Mama aliwaita ndugu nyumbani Walukuba, Jinja, chai ikapikwa, na mwanamke mwenye watoto watatu na kazi ya serikali akakalishwa mkekani kama anayeposwa.

Ni safari yangu ya kwanza ng'ambo. Malaba nimevuka sana kununua vitu, na Bungoma nimekwenda mazishini, lakini huko hakuhesabiki. Bungoma bado unasalimiwa "mulembe", na anayekuuzia chai hakosi kuwa shemeji wa mtu unayemjua. Kwa hesabu ya ukoo wetu, ng'ambo huanzia pale ambapo ukiugua hakuna wa kumtuma nyumbani.

Sasa mpango wenyewe. Safari ya treni hupangwa kinyumenyume, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Treni ya asubuhi huondoka Nairobi saa mbili. Ikigonga saa mbili imeondoka, haijali kama shangazi yako bado yuko msalani. Halafu hiyo Nairobi si Nairobi ya mjini. Stesheni iko Syokimau, huko nje. Yafaa ufike saa nzima kabla, kwa sababu mizigo hupangwa chini mstari mmoja na mbwa wa polisi hupita akiinusa. Mama aliposikia habari ya mbwa alinyanyuka, akaufungua mfuko aliokuwa ameniandalia, akatoa maleewa makavu. Nilimwambia mbwa wale wanatafuta bunduki na bangi, hawatafuti mianzi iliyokaushwa moshini. Akasema mbwa hajui kutofautisha kitu asichowahi kupikiwa.

Haya, niwe Syokimau saa moja. Basi nitoke mjini saa kumi na moja alfajiri, maana Barabara ya Mombasa ikifunga, imefunga. Kwa hiyo usiku niwe nimekwisha kufika Nairobi, yaani nimepanda basi Malaba mchana wa jana yake. Mpaka hapo hesabu inakwenda vizuri, hata mtoto wa darasa la nne angeifanya. Inakuja kuvunjika mwisho wake, ambao ndio mwanzo wa safari: kutoka Mbale hadi Malaba. Hapo napanda takisi, ile ambayo Wakenya huiita matatu na Watanzania daladala. Treni huondoka kwa saa. Takisi huondoka kwa watu.

Kwa asiyelijua jambo hili, nimweleze. Ubavuni mwa takisi imeandikwa idadi ya abiria, kumi na wanne. Unafika kituoni alfajiri, unaikuta imejaa, imebaki nafasi moja tu, ya kwako. Kondakta anakupokea begi kwa heshima ambayo mumeo hajawahi kukuonyesha. Unaingia, unaketi, unamshukuru Mungu. Kisha dereva anawasha injini, na watu kumi na mmoja wanafungua mlango na kushuka. Hao ni vijana wa steji, wamekaa mle wafanane na abiria. Mliobaki ni wewe, mama mmoja mwenye kuku, na mzee aliyelala ambaye huenda naye ni wa steji ila amesahau kushuka. Injini inazimwa. Mnaanza kusubiri.

Jambo hilo nitaliandika vipi kwenye ratiba? Nilimwomba mwalimu mwenzangu wa hesabu anitengenezee mlinganyo. Akanijibu kwamba vitu visivyojulikana ni vingi kuliko herufi.

Mama ana suluhisho lake: nianzie Jinja, nipande basi la usiku linalotoka Kampala kwenda Nairobi. Linapita Jinja saa ngapi? "Usiku." Usiku saa ngapi, Mama? "Wewe simama barabarani, utaliona." Nisimame na begi barabarani gizani, nikipungia mkono kila kitu chenye taa kubwa, malori ya mafuta yakiwemo, na mwanamke huyohuyo ndiye anayelalamika kwamba kusafiri peke yangu ni hatari.

Mjomba wangu ndiye aliyenimaliza kabisa. Alikuwa karani wa stesheni enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki, lile lililokufa pamoja na jumuiya mwaka 1977. Alisikiliza mpango wangu wote akiwa amefumba macho, kisha akasema, "Mwanangu, kwa nini unajitesa? Nenda Tororo, nunua tiketi, omba kitanda cha chini." Akaendelea kunieleza mashuka meupe, mhudumu anayepita na kikengele kuwaita watu mezani, na baridi ya Timboroa, huko juu zaidi ya mita 2,700, ambako nisipofunga dirisha nitaamka na mafua. Nikamwambia, "Mjomba, shikamoo tena, lakini treni za abiria huku kwetu zilikoma mwishoni mwa miaka ya 1990." Akafumbua jicho moja. "Zilikoma Jinja. Tororo uliuliza?"

Nilitaka kucheka, lakini nikamwonea wivu. Watu wanaisimanga treni ya zamani kwa mwendo wake wa kinyonga, na kweli ilikuwa inajikokota. Ila kujikokota kwake kulikuwa na ratiba, imebandikwa ukutani, na mtu alikuwa na tiketi moja mfukoni. Mimi nahitaji takisi, mpaka, basi, matatu, ndipo treni, halafu matatu tena, kwani stesheni ya Mombasa nayo imejificha Miritini. Treni yenyewe, kilomita karibu 480, inakula saa tano au sita. Ndicho kipande chepesi kuliko vyote, na ndicho pekee ambacho hakuna aliyenishauri lolote juu yake.

Nilifikiria Kisumu, maana ni karibu zaidi na treni ya usiku ya Nairobi ilirudishwa huko Desemba 2021. Lakini ni treni ya wikendi. Ratiba yake na ratiba ya mwalimu ni maadui wa tangu zamani, kwa hiyo hilo niliachana nalo upesi.

Binamu yangu anayeishi Dodoma hupiga simu bila kuulizwa. Tangu treni ya umeme ya kwenda Dar es Salaam ianze mwaka 2024, hana mazungumzo mengine. Chini ya saa nne, anasema. Kahawa haimwagiki, anasema. Nilimwuliza anafikaje stesheni, akasema kwa bodaboda, na nikafurahi kuliko inavyomstahili Mkristo kufurahi.

Na sisi tumeahidiwa. Oktoba 2024 serikali ilitia saini mkataba wa reli mpya ya Malaba hadi Kampala, kilomita 272, na mwezi uliofuata ujenzi ukazinduliwa Tororo. Miezi 48, tukaambiwa. Kule kwa jirani reli mpya ilifika Suswa mwaka 2019 ikapumzika, na sijui kama yetu itakuwa na haraka zaidi, lakini tuseme inakamilika. Nimeitazama ramani. Jinja imo. Mbale haimo. Maana yake hata siku hiyo tukufu, rais akikata utepe na bendi ya polisi ikipiga, mimi nitaanza na takisi.

Mambo mengine yamekwenda. Kuvuka mpaka si shida, kitambulisho cha taifa kinatosha tangu 2014. Nauli ya treni, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 za Kenya, elfu arobaini na kitu za kwetu, bei ambayo hata mshahara wangu unaikubali. Shida ilikuwa kuilipa, maana pesa zangu zimo kwenye simu ya Uganda na tiketi inataka pesa za simu ya Kenya. Mtoto wa dada yangu aliye Nairobi amenilipia. Tangu hapo amegeuka mlinzi wa tiketi. Safari ni wiki ijayo, naye kila asubuhi ananipigia: "Mama mdogo, umeshatoka?"

Kikao kiliamua nitoke siku mbili kabla, nilale kwake Nairobi, ili treni ya saa mbili isinikose. Mama alitaka siku tatu, mjomba akamtuliza kwa kumkumbusha kwamba mashuka yapo.

Jana jioni, baada ya kipindi cha mwisho, nilipita kituo cha takisi hapa Mbale nikae na uhakika. Nilimkuta kondakta wa Malaba anakula roleksi, ile chapati ya mayai, amelisimamia gari tupu. Nikamwuliza kistaarabu, kama mtu anayejaza fomu, takisi ya kwanza ya Jumatano inaondoka saa ngapi.

Akatafuna, akameza, akanitazama kwa huruma ya kweli. "Madamu," akasema, "ukija tu, tunaondoka."