Kila Jioni Nauawa kwa Mwiko

Mtu mzima wa umri wangu hapa Igamba ana haki zake chache: shikamoo za njiani, kiti chenye egemeo msibani, na utulivu wa jioni kahawa ikishauzwa. Sijui ni wapi palipoandikwa kwamba atapigwa mwiko wa utosi na mtoto wa dada yake, kisha asimame wima, ainame, arudi mahali pake apigwe tena.

Mpwa wangu alikuwa Tunduma, mpakani, akihangaika na mizigo ya malori. Mambo yakawa magumu, akarudi kwa mjomba na begi moja na simu yenye kioo kilichopasuka. Ndani ya simu hiyo wamo Wajapani. Wajapani wenye panga nawajua tangu enzi za mikanda ya video, tulipokuwa tukibanana kibandani huku sauti ya mtafsiri Lufufu ikitueleza ninja anamwambia nini adui yake. Lakini ninja yule alikuwa na adabu: akishaua, mkanda unakwisha, watu mnakwenda kulala. Hawa wa mpwa wangu hawaishi. Wanasimama wawili, umbali wa hatua 9, wanainamiana, wanasogeleana hatua 3, mmoja anauawa, wanarudi walikotoka, wanaanza upya.

Laiti angependa judo. Zanzibar yuko Mjapani, Tsuyoshi Shimaoka, aliyewafundisha vijana judo kwa miaka mingi, na karate inapigwa Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Hiyo ni michezo ya mtu mwenye mikono yake miwili, haidai vyombo vya jikoni. Wangu amepita yote hiyo akaenda kutua kwenye upanga mfupi.

Nimelazimika kujua mambo ambayo sikuyaomba. Mwaka 1912 wakubwa wa kendo huko Japani walikubaliana juu ya mazoezi 10 ya upanga, ya watu wawili wawili. Katika 7 ya kwanza wote wana panga ndefu. Katika 3 ya mwisho mmoja anabaki na mrefu, mwenzake anapewa mfupi, kodachi. Mwenye mfupi ndiye anayeshinda. Siku zote. Hakuna sare, hakuna rufaa. Na mwenye mrefu, uchidachi, kwa desturi ni mwalimu au mkubwa wa umri. Kazi yake ni kushambulia na kufa vizuri ili mdogo ajifunze.

"Mjomba, hiyo nafasi ni ya heshima," akaniambia, mikono nyuma, macho chini. "Mimi siwezi kuishika wewe ukiwepo. Nitakuwa nimekukosea adabu."

Ndivyo nilivyoheshimiwa hadi nikaota nundu.

Silaha sasa. Wajapani hutumia panga za mti, aghalabu mwaloni mweupe, mrefu kama sentimita 102 na mfupi kama 55. Mwaloni mweupe Igamba hatuna. Mpwa wangu akachukua futi ya fundi, akazunguka nyumba nzima akipima. Mpini wa jembe langu jipya ukakaribia sana 102, akaung'oa. Kwa upande wa 55, alikwenda jikoni akarudi na mwiko mkubwa wa mke wangu, shangazi yake, ule wa kusongea ugali wa shughuli. Jembe limebaki chuma peke yake nyuma ya mlango. Shangazi mtu naye anasonga ugali kwa kimwiko cha mboga, na kila akiungua vidole ananitazama mimi, si mpwa wangu.

Zoezi la kwanza kati ya hayo 3 ya mwisho liko hivi. Nainua mpini juu ya kichwa, mguu wa kushoto mbele. Yeye anasimama ubavu-ubavu, mkono mmoja kiunoni, ncha ya mwiko imenielekea. Napiga kelele "Yaa!" na kushusha mpini utosini kwake. Hapo yeye, badala ya kukimbia kama mtu mwenye akili, anaingia mbele mshazari upande wa kulia na kuinua mwiko, mpini wangu unateleza ubavuni mwa mwiko kama mvua juu ya bati, unakwenda zake chini, na kabla sijaurudisha anasema "Toh!" Nimeshakufa. La pili ni baya zaidi, kwa sababu akishaniua ananishika mkono juu kidogo ya kiwiko na kunielekezea ncha kooni, eti kuhakikisha. Maiti inahakikishwa!

Kanuni inasema silaha isimame kabla ya kugusa mwili. Mwiko haujasoma kanuni.

Nikasema basi, nitakuwa napiga polepole, nyumba iwe na amani. Akagoma. Uchidachi akipiga kwa uvivu, au akilenga pembeni, mwanafunzi anajifunza uongo. Lazima mpini ushuke kweli, ulenge kichwa kweli. "Mjomba, usinionee huruma!" Siku hiyo nikalikumbuka jembe langu, nikayakumbuka maotea ya shambani, nikashusha mpini kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nimekusudia. Nikasikia upepo umepita, nikasikia "Toh!", nikasikia shangazi yake anacheka jikoni.

Maotea nayo ni jambo la kusemwa. Kahawa ikishachumwa, mbuni unataka kupogolewa, na yale machipukizi ya shinani yanayonyonya mti yakatwe. Huyu bwana anayekwepa mpini wa jembe, anayeingia ndani ya urefu wa adui kabla adui hajamaliza kupiga, ana maotea yanayomfikia kiunoni kule shambani. Nimemwambia maotea hayakimbii, hayarudishi pigo, nayo yamesimama mawili mawili kama anavyopenda. Akanijibu kwamba hayana nia. Adui asiye na nia hamfundishi mtu kitu.

Jirani yetu aliposikia "Yaa!" na "Toh!" mara ya kwanza alitoka na panga la kweli, akidhani tumeshika mwizi. Akasimama kwenye ua akatazama zoezi lote la tatu, lile ambalo napiga kichwa, nakosa, napiga ubavu, nakosa, kisha nasukumwa nyuma hatua 3 nimeshikwa mkono. Akaniuliza, "Sasa wewe unashinda lini?" Nikamwambia sishindi. "Hata kesho?" Hata kesho. Akaondoka akitikisa kichwa, na ninaamini habari imeshafika Mlowo.

Si kwamba watu wa kwetu hawapigani kwa utaratibu. Lamu wana kirumbizi, wawili wawili na fimbo zao, ngoma na zumari zinalia. Makunduchi wakati wa Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai, wanaume hutandikana kwa mabua ya migomba mpaka kinyongo cha mwaka kiishe. Lakini tazama uungwana wa michezo hiyo: kila mmoja ana nafasi ya kumpata mwenzake. Mjomba wa Makunduchi anaweza kumtandika mpwa wake naye akaenda kula roho yake imetulia.

Nilipolalamika, nikaletewa Toda Seigen. Huyo alikuwa bingwa wa upanga mfupi huko Japani katika karne ya 16, na maradhi ya macho yalimfanya amwachie mdogo wake uongozi wa chuo chao. Nia ilikuwa kunipa moyo, kwa kuwa mimi nami nikisoma ujumbe wa simu naunyoosha mkono mpaka kwa jirani. Ila niligundua kitu: hata huyo mzee wa macho alikuwa ndiye mwenye mfupi. Kila mzee ninayeletewa wa kusifiwa ameshika mwiko. Mpini wameniachia mimi.

Juzi tena amesoma kwamba mwaka 1898 fundi Okayoshi Kunimune alifua panga, ndefu na fupi, kwa chuma cha kimondo, kwa agizo la Enomoto Takeaki aliyewahi kuwa waziri. Kweli kabisa, na mmoja alitunukiwa mwana wa mfalme. Basi wilaya yetu hii ya Mbozi, pale Ndolezi, kimelala kimondo kizima, chuma kitupu, tani zaidi ya 10. Mpwa wangu hajalala vizuri tangu siku hiyo. Ameniuliza bei ya msumeno wa chuma. Nimemweleza kwamba kile ni urithi wa taifa, akikigusa na msumeno atakwenda kufanya mazoezi ya wawili wawili na askari. Nikaongeza kwamba Wanyiha wa kale waliyeyusha chuma chao wenyewe kwenye matanuri ya udongo, na walichofua kwa wingi ni majembe. Majembe yenye mipini.

Serikali ya Japani ilipiga marufuku raia kutembea na panga kiunoni mwaka 1876. Amri hiyo haijafika jikoni kwangu.

Kwa hiyo natangaza nafasi. Anatafutwa mzee, mkazi wa Igamba au vijiji vya karibu, mwenye utosi mgumu na asiye na haraka ya kushinda. Muda ni jioni, posho ni chai na kiazi. Aje na mpini wake, maana wangu unarudi kwenye jembe kabla mvua za Novemba hazijaanza.