Habu Nene ya Mbele

Penye vijiwe vya baiskeli za mtumba Dar es Salaam, baiskeli ya Kijapani hutambulika ukiwa mbali: kikapu mbele, usukani uliojikunja kumfuata mpandaji, kufuli ya pete kwenye gurudumu la nyuma. Mteja hubonyeza tairi, hugonga rimu, huuliza kama breki zinashika. Habu ya mbele haiulizwi, na ndiyo yenye mambo. Kwenye baiskeli nyingi za aina hii habu hiyo ni nene kupita kiasi, ina kichomozo cha waya upande mmoja, na ndani yake mna jenereta nzima, yaani dainamo: sumaku zinazozunguka pamoja na gurudumu, na koili ya shaba iliyotulia kwenye ekseli. Huko ilikotoka, mwenyewe hakuwa na haja ya kujua swichi iko wapi. Taa ina kihisi cha mwanga, giza likiingia hujiwasha.

Huku kwetu safari yake hukatizwa na fundi. Fundi ananyanyua usukani, anazungusha gurudumu kwa kidole, analisikia likikwama-kwama, tik-tik-tik, halafu linasimama kabla ya wakati wake.

"Mzee, beringi za mbele zimekwisha," anatoa hukumu. "Tufungue tutie grisi. Ikigoma, nakutafutia habu ya Phoenix."

Mzee, ambaye jana yake tu alimwapia mkewe kwamba baiskeli hii haidai hata senti moja, anasema "haya" kwa sauti ya mtu anayehesabu hela mfukoni.

Beringi hazina kosa lolote. Kile kinachokwama ni sumaku. Habu za Shimano, kwa mfano, zina ncha za sumaku 28, na kila ncha huvuta chuma cha ndani inapopita mbele yake, kidole kikahisi kila mvuto. Barabarani uzito wa baiskeli na mtu wake huimeza mivuto hiyo yote, wala mpandaji hahisi kitu. Taa ikiwa imezimwa, habu nzuri hula wati moja au mbili. Ikiwaka, hula wati chache zaidi, na mtu anayeendesha kwa raha zake hutoa zaidi ya wati 70. Kwa hiyo anayelalamika kwamba dainamo ya habu inamchosha aangalie kwanza upepo wa tairi zake.

Lakini fundi ameshashika spana. Ndani ya habu mna waya mwembamba unaopenya ekseli kwenda kwenye kichomozo, nao hukatika kwa kunyongwa kidogo tu. Baada ya saa moja habu imejaa grisi, imefungwa vizuri, bado inakwama-kwama, na sasa haitoi umeme. Fundi hudai malipo kamili, kwa kuwa kazi imefanyika.

Ugonjwa huu wa kufungua habu ni wa zamani, wala haukuanzia Kariakoo. Mwaka 1936 kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, ilianza kuuza habu iliyoitwa Dynohub, yenye upana wa sahani ndogo. Sumaku yake ilikuwa ya aina isiyotaka kutenganishwa na chuma chake. Ukiichomoa bila kuivika pete ya chuma badala yake, nguvu zake hupungua papo hapo, na kuirudisha mahali pake hakurudishi nguvu hizo. Waingereza wangapi walioifungua Jumapili mchana kwa nia njema ya kuisafisha, wakarudi nyumbani usiku na taa ya rangi ya chai? Dynohub ilidumu sokoni hadi miaka ya 1980, na bado wako wapenzi wa vitu vya kale wanaoitafuta.

Wajerumani walilipeleka suala la dainamo kisheria. Kwa miongo mingi sheria yao ya barabara ilitaka baiskeli iwe na dainamo, na taa za betri peke yake hazikutosha, isipokuwa kwa baiskeli za mashindano zenye uzito usiozidi kilo 11. Ulegezaji ulikuja mwaka 2013 tu. Sheria ya namna hiyo huzaa watu makini, na mmoja wao ni Wilfried Schmidt wa Tübingen, ambaye tangu miaka ya 1990 anatengeneza habu inayojulikana kwa jina la SON. Ni ghali, ni tulivu, na ikiharibika hurudishwa kwake kiwandani, haifunguliwi chini ya mwembe. Waendeshaji wa mbio ndefu kama Paris–Brest–Paris, kilomita 1,200 ndani ya saa 90, huipenda kwa sababu betri ina tabia ya kufa saa tisa usiku.

Kizazi kilichokulia na dainamo ya chupa, ile inayosugua ubavu wa tairi, kina kumbukumbu nyingine. Hiyo ilipiga kelele kama mbu mwenye hasira, mvua ikinyesha iliteleza na kukacha, na ukisimama kumsalimia mtu, giza lilisimama pamoja nawe. Balaa lake kubwa lilikuwa kwenye balbu. Kwa mtindo wa Kizungu, dainamo ya volti 6 na wati 3 iligawiwa hivi: balbu ya mbele wati 2.4, ya nyuma wati 0.6. Dainamo ya baiskeli husukuma mkondo unaokaribia kuwa uleule, nusu ampea hivi, wawepo wa kuupokea wawili au mmoja. Balbu ya nyuma ikiungua, fungu lake hupewa ya mbele, nayo huwaka kwa fahari kubwa ajabu. Mpandaji hufurahi, "leo taa imekubali!" Kwenye mteremko unaofuata, hiyo nayo inaungua. Taa za LED zimekomesha kioja hicho, na zilizo nzuri hujiwekea akiba ndogo ya umeme zikaendelea kuwaka dakika kadhaa baada ya gurudumu kusimama. Salamu sasa zinaweza kuwa ndefu.

Simu ndiyo iliyoleta tamaa. Mwaka 2009 wanafunzi wawili wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Pascal Katana na Jeremiah Murimi, walijulikana duniani kwa chaja ya simu waliyoiunda ili iendeshwe na dainamo ya baiskeli. Mwaka uliofuata Nokia wakatangaza chaja ya baiskeli hukohuko Nairobi, yenye dainamo ya chupa, iliyoanza kufanya kazi kwenye mwendo wa kilomita 6 kwa saa. Dakika 10 kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa zilitosha maongezi ya dakika 28 hivi. Hesabu tamu, ila ilikuwa ya simu ya tochi.

Simu ya leo ni mdomo mwingine. Betri ya miliampea-saa 5,000 inabeba wati-saa 19, na habu ikipita kwenye chaja nzuri hutoa kama wati mbili na nusu ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Hizo ni saa nane au zaidi za kukanyaga bila kupumzika, na unakuwa umetoka Dar unaikaribia Morogoro. Taa lazima izimwe njia nzima, kwa sababu wati tatu hazigawiki zikatosha wote. Kuna adha nyingine pia: kila ukipunguza mwendo kwenye kilima au makutano, chaji hukatika, simu hulia, kioo huwaka. Ukiongeza mwendo, hulia tena na kuwaka tena. Mjini simu hiyo hufika ikiwa na chaji pungufu kuliko ilivyoondoka. Wazoefu huchaji pawabenki mchana, kisha pawabenki huchaji simu usiku mtu akiwa amelala.

Asiyekuwa na chaja maalumu asijaribu kuunga waya mbili moja kwa moja kwenye simu. Umeme wa habu ni wa kupishana, na pasipo mzigo volti zake hupanda pamoja na mwendo, makumi kwa makumi ukiwa mteremkoni. Vifaa vya bei chee hufia hapo, na mwenyewe hulaumu simu.

Kwa mwenye kuchagua, basi: anayerudi nyumbani gizani kila siku na ainunue habu, hata ya bei ya wastani, maana haitelezi wala haili tairi. Anayepanda baiskeli Jumamosi moja moja atosheke na taa ya kuchaji. Gurudumu lifungwe kichomozo kikiwa upande wa mkono wa kulia wa mpandaji, kama Shimano wanavyoagiza. Na kama taa mpya haiwaki, bila moshi wala cheche, waya mbili zibadilishwe kwanza. Katika habu nyingine waya mmoja umeungana na ekseli, ukikosea umeme huzungukia kwenye fremu ukarudi ulikotoka.

Kijiji kizima hujifunza fizikia umeme ukikatika. Baba mmoja husimamisha baiskeli yake ya Kijapani kwenye stendi sebuleni, huunga simu, humwita kijana wake: "Panda, kanyaga!" Kijana hukanyaga hadi shati kulowa, gurudumu la nyuma linavuma, simu kimya. Bibi, aliyekaa mkekani na koroboi yake, ndiye huuliza kama lile gurudumu la mbele nalo halitakiwi kuzunguka. Jirani mwenye Phoenix na dainamo ya chupa iliyofungwa nyuma anakuwa ameshawasha taa, watoto wake wanakanyaga kwa zamu, na baba yule anatuma mtu kwenda kuuliza kama kwa shilingi mia tano atachajiwa ya kwake.