Sifa za Kipande cha Tairi

Wako waliosifu majahazi, wako waliosifu minazi, na waliokosa la kusifu wakasifu wenye vyeo. Sijamwona bado aliyekisifu kipande cha tairi kuukuu, urefu wa mkono mmoja, kilichopigiliwa misumari chini ya mkia wa mkokoteni. Mahamali wa Likoni hukiita breki, tena bila kucheka. Leo nalipa deni hilo.

Kazi yake haitaki shule. Mkokoteni una ekseli moja na magurudumu mawili. Hamali yuko mbele, kati ya mikono ya mkokoteni. Kwenye mteremko hashindani nao kwa kifua. Huiinua mikono juu, mkia ukashuka, mpira ukalamba lami. Krrrr! Hakuna mafuta ya kuvuja, hakuna upepo wa kutoa kwenye mabomba, wala hakuna fundi wa kukwambia urudi kesho.

Ujanja wenyewe umejificha hapo. Mzigo ulio nyuma ya ekseli ndio unaougandamiza mpira chini, kwa hivyo shehena hujizuia kwa uzito wake wenyewe. Mwaka 1869 Mmarekani George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo ya treni, na miaka 3 baadaye akaigeuza ili bomba la upepo likikatika, mabehewa yajifunge yenyewe. Akaheshimiwa, akatajirika. Hamali naye akiteleza akaachia, mkokoteni uliopakiwa vizuri huangusha mkia, ukasimama. Habari za ule uliopakiwa vibaya, mzigo ukalalia mbele, tuziache. Anayesifu haiti mashahidi wa upande wa pili.

Mpwa wangu haamini haya. Anafanya kazi Doha, na mwaka jana alikuja likizo na gari la rimoti. Usidhani ni kijigari cha watoto: ni moja kwa tano ya gari la kweli, karibu sentimita 80, kilo zaidi ya 10, injini ya petroli iliyochanganywa na oili, mbio zake tuk-tuk haioni ndani. Breki yake ni kisahani kilichobanwa na vipedi, na kimota kimoja ndicho kinachoamuru gesi na breki pamoja: kikizunguka huku gari lakimbia, kikizunguka kule lasimama. Ukikikaza kijiti chake kupita kiasi, vipedi havibanduki, kisahani chapata moto na gari lakokota. Ukikilegeza, laenda zake. Tone moja la oili likigusa vipedi, basi tena.

Siku ya tatu likaenda zake. Liliingia chini ya meza ya viazi karai, likatokea upande wa pili na bakuli la ukwaju. Tulilipa viazi 14, bakuli, na maneno ambayo hayana bei.

Jioni ile mpwa wangu aliketi chini ya mwarobaini na vispana vya pembe sita, vidogo kama njiti za kiberiti, akisugua kisahani kwa mswaki. Alipita hamali wa maji, akasimama, akatazama kwa adabu kama mtu aliyekuta mgonjwa.

"Mjomba," akaniambia mimi, kwa kuwa mwenye gari alikuwa na shughuli, "breki ya huyu yasafishwa kwa mswaki?"

"Ndiyo."

"Yangu yasafishwa na barabara."

Maana matengenezo yake ndiyo sifa yake kubwa. Malori yanayobeba makontena kutoka Kilindini kwenda Uganda na Rwanda hupitia Changamwe na Miritini, na tairi zinazochoka hazikosi. Fundi wa pancha huchovya kisu majini, kwa kuwa kisu kikavu hung'ang'ania mpira, akakata ukanda wenye meno. Misumari minne, nyundo, kazi imekwisha. Tairi hilohilo hutoa akala, na hamali huzivaa. Kwa hivyo anapoteremka, mpira mmoja umeshika lami nyuma na ndugu yake ameshika mbele, wamegawana mteremko kama urithi. Taa ya kukuonya kwamba breki imelika haipo, lakini usiku misumari ikianza kutoa cheche, umeshaonywa.

Wapo wanaoilaumu kwamba inapiga kelele. Honi zinauzwa ghali. Hii inakuja na breki. Wapo wanaolalamika kwamba inanuka. Ni kweli, harufu ya mpira ulioungua hukaa puani mpaka chakula cha mchana, na ndiyo iliyowafunza watoto wa mtaani kwetu kuhama njia kabla ya kugeuka kutazama. Eti inachubua barabara! Hizo barabara za Kisauni zilizo na ngozi ya kuchubuliwa, nionyesheni.

Wabaya zaidi ni wale wanaosema breki ya kweli ni hamali mwenyewe, magoti yake na mgongo wake, na kwamba kipande cha tairi kinaiba sifa. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400. Hamali hafiki 70. Sasa akiinua mikono, mkia ukawa mzito kumshinda, humchukua juu. Nimemwona kwa macho yangu, miguu inaning'inia, akala moja inataka kuvuka kidole. Kwa nukta mbili tatu alikuwa havuti, hasukumi, hatembei. Nitajieni mwajiri mwingine aliyewahi kumpa likizo.

Hamali mmoja nilimwona kivukoni, upande wa kisiwani, siku za bamvua. Siku hizo bahari hushuka zaidi ya mita 3, feri nayo hushuka nayo, na gati lililokuwa tambarare asubuhi huwa kilima cha kuchungulia. Magari madogo huteremka yakikwaruza videvu. Yeye alikuwa ametoka Marikiti na magunia ya vitunguu, shati limemganda. Akaiinua mikono, moshi mwembamba ukatoka nyuma, watu wakajipanga pembeni bila kuambiwa, na magunia yakashuka polepole mpaka kwenye chuma cha feri.

Ng'ambo ile kulikuwa na mlima wa kupanda, na breki ya tairi haina msaada wowote kwenye kupanda. Alizunguka nyuma, akainama, akaugusa mpira kwa kidole na kukitoa haraka. Ulikuwa umebaki unene wa champali.

"Bado yafika Ijumaa," akasema, si kwangu, akarudi mbele kushika mikono yake.