Namna ya Kuonja Divai Nyeupe ya Lubbock kwa Adabu

Kabla ya kufungua chupa, mshughulikie mgeni atakayeuliza, "Kwani Texas nako kuna divai?" Mpe karanga atafune. Ipo, na zabibu zake nyingi hutoka nyanda za juu zinazouzunguka mji wa Lubbock, mita 900 hadi 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya mashamba ya pamba. Jua la mchana huziivisha, baridi ya usiku huziwekea uchachu. Kisha masika ya huko huleta jalidi, au mvua ya mawe inayoweza kulipukutisha shamba kwa dakika chache. Chupa iliyokufikia imevuka yote hayo, basi ishike vizuri.

Itoe kwenye friji dakika 20 kabla ya kumimina. Kwa hili sina msamaha na mtu! Ikiwa baridi kama soda, inakuwa bubu. Kwenye nyuzi 10 hadi 13 inaanza kusema.

Zungusha bilauri mara moja, hukorogi uji. Sasa nusa. Divai hii ni mchanganyiko wa zabibu tatu, Viognier, Roussanne na Marsanne, unaofuata desturi ya bonde la mto Rhône, Ufaransa, na anayekupokea mlangoni ni Viognier: pichi, aprikoti, maua kama asumini ya jioni. Mpokee kwa heshima, maana miaka ya 1960 zabibu hii ilikuwa imebaki hekta chache tu kule Condrieu, kwenye bonde hilo hilo, nusura ipotee kabisa. Roussanne hana haraka. Subiri, utapata asali na majani ya chai. Marsanne ni lozi, na ule unene unaobaki ulimini ukishameza. Ukali wa ndimu usiutafute humu, utaionea bure.

Pika samaki wa kupaka. Tui zito na divai hii wanaelewana sana, ila pilipili ipunguze, kwa sababu kileo huichochea.

Bilauri ya pili nyanyua kwa ajili ya Clinton McPherson na Robert Reed, maprofesa wa Texas Tech walioanzisha kiwanda cha divai cha Llano Estacado mwaka 1976. Hadi 2009, maduka ya ndani ya mji wa Lubbock hayakuruhusiwa kuuza chupa ya kwenda nayo nyumbani. Watu walitengeneza divai kwa miongo mitatu pembeni mwa mji ambao ndani yake hukuweza kuinunua dukani.

Mgeni akimaliza karanga, mmiminie.